Kikao cha wazi cha bei ya stima Kampala: nawapa nyota 3 kati ya 5

Kama hujawahi kuhudhuria, ni hivi: kampuni ya stima ikitaka bei mpya haijipangii tu, inapeleka maombi kwa mamlaka inayosimamia bei za stima, halafu wananchi wanaitwa ukumbini kuyasikiliza na kuyapinga. Kuingia ni bure. Mimi nina kinu cha posho, stima ndiyo inakula hela yangu, kwa hiyo nilienda.

Kizuri kwanza. Hesabu zinawekwa kwenye projekta na yeyote anaweza kushika maiki. Mama mmoja wa mgahawa akauliza kitu ambacho wasomi walikuwa wanakizunguka tu: hii stima inayopotea njiani, ya wizi na ya nyaya zilizochoka, nani anailipa? Jamaa wa fedha akafunua makaratasi, akarudi nyuma, akafunua tena, mwisho akakubali kwamba kuna kiwango cha upotevu kinachoruhusiwa na kiko ndani ya bei, yaani tunalipa sisi tunaonunua Yaka, stima ya kulipia kabla, kikizidi hapo ndio kampuni inabeba. Ukumbi ulinguruma! Kwa jibu hilo tu nauli yangu imerudi.

Mzee mwingine naye akauliza mbona bwawa la stima la Bujagali lipo tangu 2012 na megawati zake 250, la Karuma limefunguliwa 2024 na 600, na bei bado inauma. Akaambiwa kuna madeni ya ujenzi, na tena kuna mitambo ambayo mkataba unasema ilipwe kwa kuwa tayari kuzalisha, hata kama stima yake haijatumika. Sasa hilo si la kuwekwa kwenye bango kila mtaa?

Sasa ubaya. Maombi yenyewe ni kitabu kizima cha Kiingereza, maneno ya kihasibu matupu, hakuna muhtasari wa Kiswahili wala Luganda wala chochote, na mkalimani hakuwepo, kwa hiyo watu wengi walikaa wanaitikia tu kwa kichwa. Sisi wadogo tulipewa dakika 3 mtu, lakini wakili wa viwanda alizungumza mpaka chai ikaja na hakuna aliyemgongea meza. Na hao wakubwa tayari wanalipa kidogo kwa yuniti kuliko sisi, serikali yenyewe imesema miaka mingi inataka wafike senti 5 za dola. Sawa, viwanda vinaajiri watu, lakini muda wa kuongea ungegawanywa sawa basi.

Nyumbani angalau yuniti 15 za mwanzo za mwezi ni shilingi 250 kila moja, kinuni hakuna huruma hiyo.

Kilichonikera zaidi ni baada ya kikao. Kila miezi 3 bei inarekebishwa kwa kuangalia dola, mafuta na mfumko wa bei, na kwa marekebisho hayo hatuitwi tena ukumbini. Maoni yetu nayo yameingia wapi sijaonyeshwa, hata karatasi moja inayosema hili tumelichukua, hili tumelikataa kwa sababu hii. Hapo ndipo nyota 2 zilipokatwa.

Ukienda kijacho andika maswali yako uyapeleke mapema na ubaki na kopi iliyogongwa muhuri, ya mdomo yanategemea karani ameandika nini. Na wahi kiti cha mbele, spika za nyuma zinakoroma. Chai ilikuwa poa, sambusa ziliisha kabla foleni haijafika katikati.