Nilipeleka frem yangu ya kaboni kwa fundi wa Industrial Area, haya ndiyo niliyoyaona

Wasee wa baiskeli mmenijaza inboksi mkiuliza ile frem yangu nilitengenezewa wapi na kama inashika, sasa wacha niandike mara moja ndio nisirudie kwa kila mtu. Sehemu yenyewe haina bango, ni geti jeusi ndani ndani Industrial Area hapa Nairobi, na jina la mzee silitaji hapa kwa sababu hajaniruhusu na hapendi watu wakija bila kupiga simu.

Kilichotokea ni ujinga tu. Tulikuwa tumetoka Limuru asubuhi, tukasimama kibandani tupate chai na mandazi, baiskeli nikaiegemeza ukutani, boda akirudi nyuma akaigusa kidogo, ikaangukia jiwe la kona ya mtaro. Ilipiga bomba la juu, hapo katikati kabisa. Niliangalia nikaona kaalama kama ukucha wa kidole kidogo, rangi imetoka punje tu, nikasema aah, afadhali, nikamsamehe boda na nikamaliza chai yangu.

Duka la kwanza nililoipeleka, siwataji, jamaa alipitisha kidole akasema hiyo ni skrachi bosi, akajaza filla ya magari, akapuliza rangi, elfu mbili mia tano. Ilitoka safi kuliko vile ilivyokuwa! Wiki tatu baadaye nikipanda mlima huku nimesimama kwa pedali nikaanza kusikia ki-ki-ki, nikadhani ni kiti, nikapaka grisi kiti, nikapaka kila mahali, na bado ki-ki-ki.

Ndio rafiki akanielekeza kwa huyu mzee, ambaye kabla ya kujiajiri alikuwa anashughulika na kompoziti za ndege, yaani vitu vya nyuzi na gundi kama kaboni, huko uwanja wa Wilson. Hakuuliza hata baiskeli ni kampuni gani. Alitoa shilingi 20 mfukoni akaanza kugonga bomba, ti ti ti ti, anasogea kama nusu sentimita kila mara, sikio limeinama kama anasikiza redio ya jirani, halafu ikafika hapo ikasema tup. Tup tup. Akarudi nyuma, ti. Mbele, tup. Kila ilipobadilika aliweka nukta kwa penseli nyeupe, alipomaliza kuzunguka tukawa na duara lenye umbo la yai, refu kama kidole changu cha kati, na ile alama ya jiwe ni kaukucha tu katikati yake. Hapo ndio nilinyamaza. Kama unafikiri sarafu ni uganga, ujue wakaguzi wa ndege pia hugonga, na ile Dreamliner ambayo KQ wanairusha tangu 2014 karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya jamii hii hii.

Halafu akanieleza, na hii ndiyo sehemu nilifurahia kuliko hata kazi yenyewe. Akachukua kiondo cha mtu wa ofisini akakivuta pande mbili. Ona, akasema, uzi haujanyooka, unapanda juu ya mwenzake unashuka chini, unapanda unashuka, kwa hivyo ukiuvuta unataka kunyooka, na ukinyooka unamsukuma yule aliyelala kwa kumkata. Kitambaa cha kaboni ni vivyo hivyo, ila kila uzi wake ni fungu la nyuzinyuzi kama 3,000, kila moja nyembamba mara kumi hivi kuliko unywele, na katikati yao kuna epoksi, yaani gundi, iliyokauka. Mzigo ukija, wa kwanza kuumia si ule uzi unaobeba, ni ule uliokaa kukingama, kwa sababu huo haushikiliwi na nyuzi bali na gundi peke yake. Unapasuka vipasuko vidogo ambavyo jicho halioni. Vipasuko vikifika pale nyuzi zinapopishana, tabaka zinaanza kuachana hapo hapo, kaeneo kamoja, halafu kengine, halafu vinaungana. Nyuzi zenyewe kukatika ni mwisho wa safari, na hiyo haikuiti mara mbili.

Nikamuuliza kama ni hivyo si kaboni ya kufumwa ni mbaya basi. Akacheka. Akasema kufumwa kunapunguza ugumu kidogo kwa sababu ya hiyo kupanda na kushuka, lakini kunazuia ufa kukimbia, ukifika njia panda unagongana na uzi mwingine. Na kweli alipopiga msasa baadaye nikajionea: frem yangu juu ina tabaka mbili za kufumwa, chini yake nyuzi zimelala upande mmoja tu, na zile za juu zilikuwa zimeumia eneo dogo, chini huko ndiko kulikuwa kumefunguka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Yaani jiwe lilipiga juu na uharibifu ukatanuka ukienda ndani, na filla ya yule jamaa wa kwanza ilikuwa imeziba dirisha tu.

Ana pia kamashini ka ultrasaundi, kana kitu kama kalamu unakipaka jeli. Sauti inaingia, inagonga ukuta wa ndani wa bomba, inarudi, unaona kilima kwa skrini. Penye shida kilima kinatokea mapema kwa sababu sauti imekutana na nafasi kabla haijafika mwisho. Mimi nilishika mwenyewe, unasogeza kidogo hivi kilima kinaruka. Ile mitambo ya maabara ya kusikiliza kaboni ikipasuka hana, hizo sauti ziko kilohezi mia na zaidi na sikio la binadamu linakomea kama 20, lakini nilienda nikasoma usiku na kuna jambo limenikaa. Kitu kizima ukikibebesha mzigo fulani kinalia, ukikirudishia mzigo ule ule kinanyamaza hadi uupite, Mjerumani Joseph Kaiser aliliona hilo kwa vyuma mwaka wa 1950. Kaboni iliyoumia sana haina adabu hiyo, inaanza kulia kabla hujafika mzigo wa jana. Nikakumbuka ki-ki-ki yangu, ingawa mzee alisema hiyo niliyosikia mimi ni tabaka zinasuguana tu.

Kazi yenyewe sitaieleza sana. Alikwaruza kwa mteremko mrefu, kama mara 20 ya kina, akarudisha tabaka moja moja kila moja ikifuata upande wa ile iliyotolewa, akafunga kwa plastiki akanyonya hewa, akapasha joto. Alinipa barakoa na bado nilijikuna mikono siku mbili.

Sasa malalamiko, kwa sababu hii si tangazo. Bei ni 14,000, na ukaguzi pekee ni 1,500 hata akikuambia hakuna shida. Aliniambia siku tano zikawa kumi na mbili, epoksi iliisha, sijui nini, simu anashika akitaka. Rangi ni nyeusi isiyofanana na nyeusi yangu, ukisimama juani unaona kiraka wazi kabisa, na nilipomwambia akanijibu, kijana, wewe unataka kupanda au kupigwa picha? Kama unataka urembo peleka kwingine.

Kitu ambacho sijaona kwa mtu mwingine hapa Nairobi ni daftari. Kabla ya kazi alifunga frem kwa vaisi, akaning'iniza kilo 20, akaweka geji ya sindano akaandika imepinda milimita 2.31. Baada ya kazi, mzigo ule ule, 2.08. Akasema rudi kila kilomita 600 tupime, hailipishwi, kwa sababu kaboni ya kufumwa ikichoka hupoteza ugumu kidogo mwanzoni, halafu inakaa hapo hapo muda mrefu sana, halafu siku moja inaporomoka, na yeye anataka kujua niko sehemu gani ya hiyo hadithi. Lile duara la zamani pia alilichora tena kwa penseli nyeupe chini ya klia, ile rangi ya mwisho inayoonyesha ndani, ndio akigonga aone kama tup imetoka nje ya mstari.

Nampa nne kwa tano, moja nimeitoa kwa ile wiki ya ziada na simu. Nimeshapima mara mbili tangu wakati huo, mara ya kwanza ilisoma 2.10 nikashtuka, yeye hata hakuinua kichwa, na Jumamosi iliyopita ikasoma 2.10 tena. Ki-ki-ki imerudi, lakini hii ni kiti kweli.