Datashader: nukta milioni 10 za boda boda, na Kampala bado inasomeka

Ukichora nukta milioni 10 za GPS za boda boda kwa Matplotlib, maktaba ya kuchora ya Python, kama kawaida, Kampala hugeuka doa moja jeusi. Kupunguza ukolezo hakusaidii sana: alpha (kiwango cha ukolezo, 0 hadi 1) ikiwa 0.1, nukta 50 zikilaliana rangi imeshajaa, na hapo pikseli ya nukta 50 na ya 5,000 huwezi kuzitofautisha. Datashader, maktaba ya Python isiyolipiwa, huhesabu kwanza nukta zilizoangukia kila pikseli, ndipo ipake rangi. Kwa wingi huo ndiyo zana ya kushika.

Mipaka iweke mwenyewe: longitudo 29.5 hadi 35.1, latitudo -1.5 hadi 4.3, turubai ya pikseli 840 kwa 870. Ukiiachia ichague, simu zilizokosa setilaiti zikaandika 0, 0 zitaivuta ramani mpaka Ghuba ya Guinea, Uganda yote ibanwe pembeni. Ila usizichuje kwa latitudo peke yake! Ikweta inapita Kayabwe, humo humo Uganda. Pale latitudo 0 ni mahali halali kabisa. Chuja kwa longitudo.

Kisha kuna michirizi. Data zikikatwa kwenye desimali 2, nukta huachana kwa 0.01, yaani pikseli 1.5 kwenye turubai hiyo, na kila safu ya tatu hubaki tupu. Mtu atadhani ni barabara. Kwa data hizo tumia turubai ya 560 kwa 580, na kila mpaka usogezwe nyuma kwa 0.005 ili nukta zikae katikati ya pikseli.

Njia ya kuanzia ya kugawa rangi, eq_hist, huonyesha Kotido (Karamoja, kaskazini mashariki) na Kampala kwa pamoja vizuri mno, lakini hugawa rangi kwa cheo, si kwa kiasi: ukolezo maradufu si safari maradufu. Ripoti ya wilaya ifanyie log, yaani rangi ifuate logariti ya hesabu.

Mihimili na ufunguo wa rangi hakuna, ongeza HoloViews, maktaba nyingine ya michoro. Mara ya kwanza huchelewa kwa sababu Numba, zana inayogeuza Python kuwa msimbo wa mashine, inatayarisha msimbo, basi pima kasi kuanzia mara ya pili. Viwianishi vikiwa float32 (namba za biti 32 badala ya 64), MB 160 hushuka hadi 80, na kosa ni chini ya mita moja.

Nukta za upweke za Karamoja hupotea kwenye karatasi. Amri ya Datashader, tf.spread yenye px=1 (pikseli moja kila upande), huzinenepesha, lakini hunenepesha na Kampala pia, kwa hiyo hesabu zisome kwenye mchoro ambao haujaguswa.