Tulivyopekua ploti kwenye Ardhisasa kabla chama hakijatoa pesa

Chama chetu kina akina mama kumi na wanne, na katibu ni mimi. Miaka sita tumeweka akiba ya ploti, na ilipofika siku ya kununua nilikosa usingizi. Pesa zile si zangu peke yangu. Ndani yake mna za muuza mboga, za mjane anayesomesha watoto watatu, na za mama mmoja aliyezidi miaka sabini ambaye hajawahi kukosa mchango hata mwezi mmoja.

Dalali alitupeleka Ruai, mashariki ya Nairobi. Ploti ilikuwa nzuri, barabara inafika, maji yako karibu. Akatutolea nakala ya hatimiliki, imekunjwa mara nne, muhuri unaonekana. "Hii ploti hailali, mama," akaniambia. "Kesho hutaikuta. Wekeni hata kidogo cha kuishika."

Nikamwambia atupe siku chache tufanye sachi kwanza, yaani tupekue rekodi ya ploti kwenye sajili ya ardhi. Namshukuru Mungu sikuona haya kusema hivyo mbele ya wenzangu.

Ardhisasa ni mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni. Ulizinduliwa Aprili 2021 ukianza na Nairobi, kisha kaunti nyingine zikawa zinaingizwa kidogo kidogo. Kwa hiyo kama ardhi yako iko mbali na jiji, uliza kwanza kama kaunti yako imeingizwa. Kama bado, upekuzi utaufanya kwenye ofisi ya usajili ya huko. Unafungua akaunti kwa kitambulisho chako na namba ya simu, unaomba upekuzi rasmi, unalipa kwa simu. Ada yenyewe ni kitu kidogo mno ukiiweka kando ya bei ya ploti, na sioni sababu ya mtu kuikwepa.

Jambo la kujua mapema ni kwamba unapekua kwa namba ya ardhi. Na hapo ndipo wengi hukwama. Nakala ya dalali ilikuwa na namba ya zamani, ile inayoanza na L.R. Tangu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ardhi zilizosajiliwa chini ya sheria za zamani zinahamishiwa kwenye sajili moja, na kwa Nairobi namba mpya huanza na Nairobi/Block. Orodha za namba za zamani na mpya huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Mwambie muuzaji akupe namba zote mbili, na usikubali kupewa moja tu kwa mdomo.

Majibu yalipokuja niliyachapisha kwenye karatasi nikakaa nayo mezani na kalamu nyekundu. Yana sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ardhi yenyewe: namba, ukubwa, kama ni ya kudumu au ya kukodishwa na serikali kwa miaka fulani. Sehemu B ina jina la mwenyewe na tarehe aliyosajiliwa. Jina lilikuwa lilelile la kwenye hatimiliki, namba ya kitambulisho ileile, nikapumua. Wengi huishia hapo.

Sehemu C ndiyo ya mizigo. Mle huandikwa rehani, vizuizi vya kuihamisha ardhi, amri za mahakama. Ya ploti yetu ilikuwa na mistari miwili: rehani ya benki, na kiasi cha mkopo. Niliisoma mara tatu. Dalali hakuwa ametamka neno hata moja kuhusu mkopo, na alipoulizwa akasema hayo ni mambo madogo, yatamalizika baadaye. Hayakuwa madogo. Ardhi iliyowekwa rehani haihamishwi kwako bila benki kukubali, na mkopo usipolipwa benki ina haki ya kuiuza. Tungeweka "kidogo cha kuishika", tungekuwa tumeshika deni la mtu.

Muuzaji mwenyewe tulipomfikia hakuwa tapeli. Alikopa, alikuwa akilipa, na alitaka kuuza ili amalize. Wakili wetu akaandika mkataba kwamba benki ilipwe moja kwa moja kutoka kwenye bei, rehani iondolewe na uondoaji huo usajiliwe, kisha ndipo muuzaji apate salio lake. Ilichukua wiki nyingi. Kuna wenzangu waliokasirika, wakasema tunachelewesha. Sikujuta hata kidogo.

Kwa huduma yenyewe, ninaipa sifa kamili kwa jambo moja: nilisoma rekodi ya serikali nikiwa jikoni kwangu, bila kumtegemea mtu aniletee karatasi ambayo sijui imetoka wapi. Lakini usiipe kazi isiyo yake. Majibu yanasema hali ilivyokuwa tarehe ile tu. Kesho yake kizuizi kinaweza kuwekwa. Hayakuonyeshi mawe ya mipaka, hivyo tulimlipa mpima ardhi aje na ramani. Wala hayasemi jinsi mwenye ardhi wa kwanza alivyoipata. Mwaka 2023, katika kesi ya kiwanja cha ufukweni Nyali, Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hatimiliki iliyotokana na ugawaji wa ardhi usiofuata sheria haimlindi hata aliyeinunua baadaye. Ndiyo maana wakili alifuatilia historia ya ploti yetu kuanzia ilipotolewa.

Siku moja kabla ya kulipa nilifanya upekuzi wa pili. Jioni tukakutana nyumbani kwa mweka hazina, nikawapitishia karatasi. Yule mama mkubwa wetu macho yake hayaoni herufi ndogo, akaniomba nimsomee.

"Sehemu ya tatu imeandikwa nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama. Iko tupu."

Akaniambia nisome tena.