Madirisha ya vioo viwili ya upande wa magharibi: nyota tatu

Jengo langu liko Kampala, maduka chini, ofisi juu. Mpangaji wa juu alikataa kutia saini tena mpaka tupate EDGE, cheti cha majengo ya kijani cha IFC, tawi la Benki ya Dunia, kinachotaka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, bila kusahau maji na vifaa vya ujenzi. Mshauri alipiga hesabu, akanionyesha madirisha ya magharibi. Hapa Ikweta ni jirani: saa sita jua linachoma paa, lakini kuanzia saa tisa linakuingilia dirishani kama mgeni asiyebisha hodi. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha kama asilimia 80 ya joto lake. Vioo viwili nilivyoagiza, yaani viwili vilivyounganishwa katika kila dirisha, vyenye utando wa kurudisha joto, stika yake ilisema 0.34, yaani asilimia 34 tu ya joto la jua ndiyo hupita.

Karakana niliyoipa kazi ilifika siku iliyoahidi, na kwa mafundi wa alumini hiyo peke yake ni nyota. Silikoni safi, mipira imekaa, mvua za Aprili hazikupenyeza tone.

Ila madirisha manne kati ya kumi na manne yaliendelea kuchemsha chumba. "Hajati, kioo ni kioo," msimamizi akaniambia. Basi usiku nikatoka barazani na kiberiti cha gesi, nikakiwasha mbele ya kioo, askari wangu akidhani nimeanza uganga. Vioo viwili huonyesha vimwali vinne, na kimoja kina rangi tofauti: hapo ndipo utando ulipo. Kwa jua letu, ukihesabu kutoka nje, unatakiwa uwe wa pili. Kwenye yale manne ulikuwa wa tatu. Walivifunga nje ndani, na kioo cha ndani kikawa kinanasa joto na kulimwaga ofisini.

Walivigeuza bure, baada ya wiki sita za simu, na jukwaa nikalipia mimi. Sasa saa kumi jioni kipimajoto changu kinasoma 27. Zamani kilisoma 31.

Walitaka pia kuniuzia kaskazini na kusini, kwa bei karibu mara tatu ya kioo cha kawaida. Nilikataa. Huko vibaraza vya zege vinatupa kivuli cha kutosha.

Mashariki nimewapa wao tena. Malipo ya mwisho watayapokea usiku.