GMAT Verbal haipandi: maswali mengi au daftari la makosa?
Kama Verbal yako (sehemu ya kusoma na kupima hoja kwa Kiingereza kwenye GMAT, mtihani wa kuombea masomo ya biashara kama MBA) iko chini, usikimbilie kumaliza maswali yote unayoyaona, nakuomba kabisa. Maswali mengi yanakupa spidi, na spidi inahitajika kweli maana ni maswali 23 kwa dakika 45, yaani hata dakika 2 kwa swali hazifiki. Ila daftari la makosa ndo linapandisha maksi: kila swali ulilokosa andika kwa nini jibu lako lilikuvutia na kwa nini lile sahihi ulilikataa, utakuta unarudia kosa lilelile, mfano unachagua jibu ambalo ni kweli ila kwenye aya halipo kabisa. (Kusahihisha sentensi achana nako, kulitolewa toleo jipya lilipokuja 2023.) Anza na daftari, wiki za mwisho ndo ukimbizane na saa.