Siku 28 za nusu kidonge: uzoefu wangu na kifaa cha kumezeshea mbwa mdogo dawa

Ninaandika tathmini hii baada ya kutumia vifaa viwili vya aina hii, kimoja baada ya kingine, kwa zaidi ya wiki tatu mfululizo, kwa hiyo sifa na kasoro nitakazozitaja nimezishuhudia mwenyewe, na mojawapo ilinigharimu kidole kilichong'atwa.

Mwenye dawa ni Kashata, mbwa jike mwenye damu ya Maltese, aina ya mbwa wadogo wa kizungu, kwa upande mmoja na damu ya mbwa wa mtaani kwetu Tabata kwa upande mwingine, mwenye uzito wa kilo 5. Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea hapa Dar es Salaam, aliacha kula, akawa anashinda amelala kwenye sakafu ya bafuni, na nilipomgeuza ili nimkague kupe nikaona madoadoa ya zambarau kwenye ngozi ya tumbo lake. Daktari wa mifugo alimtoa damu, akakuta kwamba chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka mno, akanieleza kuwa ni homa ya kupe inayosababishwa na bakteria aitwaye Ehrlichia canis, ambaye huenezwa na kupe wa kahawia wanaojificha hata kwenye nyufa za ukuta wa nyumba. Dawa yake ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kwa Kashata hiyo ilimaanisha nusu ya kidonge cha miligramu 100 kila siku, kwa siku 28 bila kuruka hata moja. Nilipewa vidonge 14 kwenye bahasha ndogo ya karatasi na nikarudi nyumbani nikidhani kwamba kazi ngumu imekwisha.

Siku ya kwanza nilikificha kile kipande ndani ya ini la kuku lililochemshwa. Kashata, ambaye alikuwa hajala kitu cha maana kwa siku mbili, alilila ini lote taratibu, akalamba sahani, kisha akaondoka, na katikati ya sahani kikabaki kipande cha kidonge cha manjano kikiwa safi kana kwamba kimeoshwa. Siku ya pili nilitumia dagaa, naye akala dagaa na kuacha dawa. Siku ya tatu nilifanya kosa ambalo nadhani kila mwenye mbwa mdogo amewahi kulifanya: nilikiponda kipande, nikakikoroga kwenye supu, nikakivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kumminyia mdomoni. Kidonge cha doksisaiklini kinapokuwa kizima hufunikwa na ganda linalozuia uchungu, lakini ukikikata upande mmoja hubaki wazi, na ukikiponda uchungu wote huenea ulimini. Kashata alianza kutoa povu jeupe lililomtiririka hadi kifuani, akawa anajipangusa mdomo kwenye zulia, na jirani aliyekuwa akichungulia dirishani akaniuliza kama nimemwekea mbwa sumu. Nilimpigia daktari simu huku mikono ikinitetemeka. Akacheka kidogo, akasema, "Mama Kashata, huo ni uchungu tu. Mpe maji, povu litaisha." Liliisha baada ya dakika kumi hivi, ila kuanzia saa hiyo mbwa wangu akiona bomba la sindano anaingia chini ya kochi na hatoki mpaka usiku.

Siku ya nne alichukua kitonge cha nyama chenye dawa, akatafuna, akameza, akanilamba mkono, nami nikamsifu sana. Kile kipande nilikiona siku tatu baadaye nilipokuwa nikikung'uta mito ya kochi.

Hapo ndipo nilipoagiza kifaa hiki kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, kwa shilingi 15,000 pamoja na nauli ya bodaboda. Ni kijiti cha plastiki chenye urefu wa kalamu, kilichoundwa kama bomba la sindano: nyuma kuna kisukumio, mbele kuna ncha laini ya mpira iliyopasuliwa ili ikishikilie kidonge, na ukibonyeza kisukumio kidonge hutoka. Lengo lake ni kukifikisha kidonge nyuma ya ulimi, mahali ambapo mbwa hana nafasi ya kukionja wala ya kukigeuza kwa ulimi na kukitema, tena bila vidole vyako kuingia katikati ya meno. Kwa mdomo mdogo kama wa Kashata jambo hilo si dogo, kwa sababu kidole changu cha shahada peke yake kinaujaza mdomo wote, na kidonge kikiachwa katikati ya ulimi hurudi nje kila mara.

Kwenye boksi kulikuwa na karatasi yenye picha tatu, ambazo zinatosha kukuonyesha kifaa kinavyofanya kazi lakini hazitoshi kukufundisha kukitumia. Mbinu yenyewe nilionyeshwa na daktari, na naieleza hapa kwa sababu ndiyo iliyogeuza kitu kilichokuwa karibu kutupwa kikawa kitu cha msaada. Ninamweka Kashata juu ya meza, na chini yake ninatandika kanga iliyokunjwa ili miguu isiteleze, maana mbwa anayeteleza huwa na hofu kabla hata hujamgusa. Ninamgeuza mgongo wake uegemee tumbo langu, ili akirudi nyuma akutane na mimi. Kwa mkono wa kushoto ninashika taya la juu kutokea juu ya pua, dole gumba upande mmoja na kidole cha shahada upande wa pili, nyuma kidogo ya meno chonge, kisha ninainua pua yake ielekee dari, na taya la chini hulegea lenyewe. Mkono wa kulia unapitisha kijiti katikati ya ulimi, si pembeni, mpaka ncha ivuke ule mwinuko wa ulimi; ninabonyeza, ninakitoa, ninafunga mdomo na kuishusha pua. Hapo ninasugua koo taratibu na kumtazama puani. Akitoa ulimi na kulamba pua, amemeza. Asipolamba, bado anacho, na mtu asimwachie mapema akadanganyika kama nilivyodanganyika mimi siku ya nne.

Kwa siku mbili kabla ya kukitia dawa nilikitumia kifaa kikiwa kitupu, au kikiwa na kipande cha ini kwenye ncha. Sijutii muda huo hata kidogo, ingawa daktari alitaka dozi isikatike, kwa hiyo siku hizo mbili mdogo wangu alimshika mbwa nami nikamtumbukizia kidonge kwa vidole. Mbwa aliyezoea kwamba kile kijiti huleta ini hatapigana nacho siku kitakapoleta doksisaiklini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo karatasi ya kifaa haikulitaja popote, na ambalo kwa maoni yangu lingeandikwa kwa herufi kubwa. Doksisaiklini ikikwama kwenye umio bila kitu cha kuisukuma huweza kuunguza ukuta wake na kuacha kidonda, na kifaa hiki, kwa jinsi kilivyo, humezesha kidonge kikavu. Kwa hiyo kila mara baada ya kidonge ninampa maji mililita 5 kwa bomba la sindano, nikiyapitisha kwenye shavu, kati ya meno na ngozi, kidogo kidogo kadiri anavyomeza. Maji yakimiminwa moja kwa moja kooni mbwa anaweza kupaliwa na yakaingia mapafuni. Baada ya maji anakula vitonge viwili vitatu vya chakula chake, jambo ambalo pia humwepusha na kichefuchefu, kwani dawa hii tumboni patupu humtapisha. Ni kweli kwamba bomba la sindano lilikuwa adui yake, na ilinichukua karibu wiki nzima ya kumminyia mchuzi wa kuku usio na chumvi wala kitunguu mpaka akakubali kulisogelea tena.

Kasoro ya kwanza ya kifaa ni kwamba ncha yake imepasuliwa kwa ajili ya kidonge cha duara kilicho kizima. Nusu ya kidonge, yenye upande mmoja ulionyooka, hulegalega na kudondoka kabla ya kufika mdomoni, au hutoka ikiwa imelala upande na kunasa kwenye kaakaa. Nilijaribu kuubana mpira kwa vidole bila mafanikio. Kilichosaidia ni kukipaka kile kipande ini lililopondwa laini, safu nyembamba tu, ambayo hukifanya kishike kwenye mpasuko na pia hufunika ule upande uliokatwa wenye uchungu. Nilitaka kutumia mtindi kwa kazi hiyo kwa sababu Kashata anaupenda kuliko kitu chochote, lakini daktari alikataa, akaeleza kwamba kalisiamu iliyomo kwenye maziwa huishika dawa hii tumboni na kupunguza kiasi kinachoingia kwenye damu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Siku ya 19 Kashata alifunga mdomo kabla sijakitoa kijiti, akang'ata, kidole changu kikapata sehemu yake, na nilipovuta kijiti kikatoka bila ncha. Kile kipande cha mpira kilibaki mdomoni mwake. Kwa bahati alikitema akifikiri ni kidonge, na safari hiyo nilishukuru ule ujanja wake wa kutema. Nilipokikagua niliona kwamba ncha ilikuwa imevishwa tu juu ya plastiki, bila gundi wala mfuo wa kuishikilia, na kwamba meno yake yalikuwa yameshaitoboa katika siku zilizotangulia bila mimi kugundua. Mpira kama ule ukimezwa na mbwa wa kilo 5 unaweza kuziba utumbo. Nilimwandikia muuzaji na kumtumia picha. Alijibu kwamba kifaa hakikutengenezwa ili kitafunwe, jibu ambalo ni la kweli na ambalo halisaidii kitu. Nikanunua kingine kwenye duka la dawa za mifugo, kwa shilingi 22,000, ambacho ncha yake imefinyangwa pamoja na kijiti kiasi kwamba huwezi kuichomoa hata kwa koleo. Hicho ndicho kilichonifikisha siku ya 28.

Wapo watakaouliza kwa nini nisitumie vile vitafunio laini vyenye tundu la kufichia kidonge. Nilipata pakiti moja kutoka kwa rafiki aliyetoka safari, na vilifaa kwa siku mbili, mpaka Kashata alipojifunza kukipasua kitafunio kwa meno ya mbele na kukagua ndani kabla ya kula. Kwa mbwa mlafi anayemeza bila kutafuna nadhani vinatosha kabisa, na mwenye mbwa wa namna hiyo hana haja ya kifaa. Siagi ya karanga nayo hutajwa sana, lakini soma kwanza maandishi ya kopo, kwa sababu baadhi huwekwa zailitoli badala ya sukari, na hiyo ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo. Sitarudia tena kuponda dawa, na zipo dawa ambazo hazipaswi kupondwa wala kukatwa kabisa, hasa zile zilizotengenezwa ziyeyuke polepole, kwa hiyo muulize aliyeziandika kabla ya kushika kisu.

Kifaa cha kwanza ninakipa nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni kwa wazo lake. Cha pili ninakipa nne. Nyota ya tano imepotea kwa sababu nacho hakishiki nusu kidonge bila kupakwa ini, na kwa sababu karatasi yake pia haitaji maji. Atakayenunua avute ncha kwa nguvu zote akiwa bado dukani, aikague kila siku kama ina alama za meno, na akioshe kwa maji ya moto kila baada ya kutumia, kwani ini linalobaki kwenye mpasuko huanza kunuka siku ya pili.

Madoa ya tumboni yalikuwa yametoweka kufikia wiki ya pili, na hapo Kashata alikuwa ameshaanza kubweka bodaboda getini kama kawaida yake, wakati ambao kishawishi cha kuacha dawa ni kikubwa kuliko siku yoyote nyingine. Tulimaliza vidonge vyote 14. Damu ilipopimwa tena chembe sahani zilikuwa zimerudi kwenye kiwango kinachotakiwa, na daktari akanipa kidonge cha minyoo cha kumpa nyumbani. Nilitandika kanga mezani, nikaandaa kijiti, maji na ini. Kumbe kidonge kile kilikuwa na ladha ya nyama: Kashata alikinusa kikiwa kwenye kiganja changu, akakichukua, akakitafuna na kumeza, kisha akakaa chini akisubiri kingine.