Kubadili Kazi Uingereza: Wakili wa Mahakamani au wa Ofisini?

Una shahada ya fani nyingine, una kazi na familia, na unaitaka sheria. Huko England na Wales njia kuu ni mbili, wala hazilingani kwa uzito.

Wakili wa mahakamani (barrister), yule wa joho na wigi, huanza na kozi ya kuhamia sheria, takriban miaka miwili ukisoma jioni au wikendi. Kisha unajiunga na mojawapo ya Inns of Court nne za London, yaani vyama vya mawakili wa mahakamani, na kusoma kozi ya uwakili, ambayo nayo husomwa huku ukifanya kazi. Hadi hapo mshahara wa zamani unakubeba. Kizingiti ni uanagenzi: miezi 12 chini ya wakili mzoefu, na miezi 6 ya kwanza husimamii kesi mwenyewe. Nafasi ni chache mno, na wengi hukosa wakiwa wamekwisha kulipa ada kubwa. Hilo huniuma.

Wakili wa ofisini (solicitor), yule anayeshauri wateja na kuandaa nyaraka, tangu 2021 hufanya SQE, mitihani ya kufuzu kazi hiyo, na kukusanya miaka miwili ya kazi za kisheria, hata katika taasisi nne tofauti. Mwenye watoto wadogo ningemshauri hii. Ila kama moyo wako uko kwenye kusimama mbele ya jaji, omba uanagenzi kabla ya kulipia kozi ya uwakili.